Mpwa Aja Kurekodi Kimya

Benchi la pale kona ni mlango. Mlango mzima wa mbao, umelazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado liko wazi. Ndimo Wakili anamosimika kikombe chake kisiyumbe. Aliyeutoa ni Mpole, siku alipouondoa nyumbani kwake akaweka geti la chuma, na watu wakamshukuru mpaka akaona haya. Ukuta wa kuegemea nao ni wake, ukuta wa uani, umepakwa chokaa isiyoshika, kwa hiyo kila anayetoka kijiweni huondoka na mgongo mweupe na hana haja ya kumweleza mkewe alikuwa wapi. Hapo kila jioni, Shangazi akishatua birika lake la kahawa, wanaume wanne hukaa na kuiendesha dunia. Hawajawahi kuiendesha kwa sauti ya chini. Ndiyo maana mpwa wa Sikio alipofika na kusema anachokitaka, kwanza walidhani anawatania.

— Nimekuja kuchukua kimya, alisema.

— Unakipeleka wapi? akauliza Kona.

— Kwenye filamu.

— Kimya hakionekani, mpwa.

— Kinasikika, mjomba.

Mjomba wake wa damu alikuwa mmoja tu, huyo Sikio. Wengine walikuwa wajomba wa kuazima. Kona alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomstaafisha, na hadithi zake zote zina kona. Wakili hajasomea sheria. Alikuwa mpiga chapa mahakamani, na kila hukumu aliyoipiga chapa anaihesabu kuwa yake. Mpole ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Ufunguo wa nyumbani huufunga kwa kamba kwenye mkanda wa suruali, kama afanyavyo na funguo za kazini, na wenzake walishachoka kumtania kwa hilo.

Sikio ni fundi wa redio na spika. Duka lake linatazamana na benchi. Gari la matangazo likipita, yeye hukwambia ni waya upi umelegea kabla gari halijafika kona ya pili. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, hakufundishwa na mtu, na ukimwambia amekosea hukasirika kwanza, hukagua baadaye. Jioni hiyo alikuwa amejaa fahari kama puto. Binti wa dada yake, aliyekulia chini ya meza ya duka lake akichezea sumaku za spika mbovu, sasa alikuwa anatengeneza filamu yake mwenyewe.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mshonaji. Mumewe anaiuza cherehani yake bila kumwambia, naye anashika njia kwenda kushtaki. Njiani anapita mbele ya benchi la wanaume. Wanaume wananyamaza mpaka apite, kisha wanaendelea na mazungumzo yao kama hakuna kilichopita. Benchi lilikuwa hili, wanaume walikuwa hawa, na wiki nzima walikuwa wamepigwa picha. Walifanya vizuri, ila Kona, ambaye kila mara alimwamkia mwigizaji na kumuuliza habari za nyumbani.

— Kila mahali pana kimya chake, alieleza binti, akichomeka maiki yenye manyoya kwenye fimbo. Cha hapa si cha jikoni kwangu. Nikikata maneno nikaunga, pale katikati panabaki shimo, na mtazamaji analisikia hata kama hajui amesikia nini. Nataka dakika moja ya hapa hapa, mkiwa mmekaa, bila neno. Niilaze chini ya picha ya mama anapopita.

— Ni kweli, alisema Sikio. Hata spika isiyo na wimbo ina mvumo wake.

— Tutanyamaza, alisema Wakili. Lakini kwanza kuna hoja. Filamu yako, mpwa, inamhukumu mwanamume bila kumsikiliza. Ameuza cherehani. Sawa. Cherehani ilikuwa ya nani?

— Ya mkewe. Mama yake ndiye aliyemnunulia.

— Ilikaa katika nyumba ya nani?

— Wewe umekaa juu ya mlango wa Mpole, alisema Shangazi akimimina. Akuuze?

Wakacheka. Wakili naye alicheka, maana kikombe kilikuwa kimeshajaa.

— Mimi hizi sinema za kutetea wanawake nina wasiwasi nazo, alisema Kona. Mke wangu akitazama moja, wiki nzima nahojiwa. Nadhani kuna kitu wanakitia kwenye mwanga. Nilipita mji mmoja na lori, usiku wa jana yake wanawake wote walikuwa wametazama sinema moja ukumbini. Asubuhi nakuta wanaume wa mji mzima wanajikaangia mayai.

— Ukala?

— Nikala. Yalikuwa yameungua.

— Si mwanga, Kona, alisema Wakili. Ni giza. Fikiria. Mwanamke anaingia ukumbini, giza totoro, anakaa muda wote ule na hakuna anayemwita. Hakuna wa kumwambia lete maji, soksi zangu ziko wapi. Hapo ndipo anapata nafasi ya kufikiri. Ile picha ya mbele hata ingekuwa ya kuku wanadonoa, matokeo ni yale yale.

— Mwaka huu hilo ndilo neno lako la kwanza la maana, alisema Shangazi.

— Basi wapige marufuku giza, alisema Kona. Sinema zionyeshwe mchana, juani, watu wamesimama.

— Halafu waone nini?

— Ndiyo faida yake.

Binti alikuwa akitabasamu huku anageuza vitufe vya mashine yake ndogo ya kurekodia. Akamgeukia Mpole, ambaye hakuwa amesema kitu.

— Na wewe, mjomba? Yule mume alifanya sawa?

— Hapana, alisema Mpole. Alikosea. Mimi nisingeuza. Cherehani ya mtu ni mali. Ningeiweka chumbani nikaifungia, ikae salama.

— Na mwenyewe angeshona na nini?

— Angeshona kwa haja gani, na mimi nipo?

Aliuliza kwa upole kabisa, na benchi likaitikia kwa kichwa, kwamba huyu sasa ndiye mwanamume, si yule wa filamu. Sikio naye aliitikia. Alikumbuka kuwa mke wa Mpole zamani alikuwa akipita hapo na kapu la sokoni, mwanamke mrefu mwenye utani, na kila akipita aliwauliza: Dunia inaendaje leo? Nao walimjibu kwa pamoja: Inakwenda. Siku hizi haonekani. Mpole akiulizwa husema jua linamsumbua.

— Mimi nasema hivi, alisema Kona. Sinema haijawahi kufungua hata kopo la maziwa. Wanatazama, wanalia, wanarudi nyumbani, kopo liko vile vile.

— Basi kaa kimya nikurekodi, alisema binti. Tuone.

Mara ya kwanza Kona alikohoa. Mara ya pili Wakili alisema kwa sauti ya chini kwamba Kona karibu atakohoa. Mara ya tatu binti aliinua mkono, akauacha juu, na wakanyamaza kweli.

Lilikuwa jambo geni. Wanaume wanne walitazama mbele kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Sikio alisikia makaa ya Shangazi yakijivunja, nzi kwenye mdomo wa birika, mashine ya kusaga mbali huko ikimaliza gunia la mwisho. Kisha akasikia, nyuma ya kichwa chake, ndani ya ukuta au nyuma yake, kitu kidogo. Ti, ti, ti. Kikapumzika. Ti, ti, ti.

Binti alishusha mkono. Alikuwa amekunja uso.

— Nani anagonga?

— Hakuna anayegonga, alisema Kona. Hilo ni bomba.

— Bomba gani?

— La maji. Liko humo ukutani. Muulize mjomba wako, yeye ndiye aliyetupa jibu.

Ilikuwa kweli. Miezi iliyopita Shangazi aliuliza swali hili hili, akiwa na kibuyu cha sukari mkononi. Sikio aliinamisha kichwa kidogo tu, watu wakiwa wanapiga kelele za mpira, akasema bomba, upepo umeingia kwenye maji. Shangazi aliposema mbona bomba lake halifanyi hivyo, Sikio alimkaripia kwamba yeye auze kahawa na masikio amwachie mwenye nayo. Kesi ikafungwa. Nani angebishana na Sikio kuhusu sauti?

— Maji yamekatika tangu jana, alisema binti. Mtaa mzima.

— Basi ni geti, alisema Wakili. Chuma kikishinda juani, jua likishuka kinajikunja. Kisayansi.

— Au panya, alisema Kona. Msicheke. Nilikuwa na panya kwenye lori, tulikwenda naye nchi mbili. Akitaka kushuka alikuwa anagonga bodi.

— Ulimshusha?

— Mpakani. Hakuwa na karatasi.

— Kuna na minara ya simu, alisema Wakili. Mnara unavuta nondo. Nondo za madirisha zinaitikia. Mtu akipiga simu ya mbali, dirisha lako linapokea.

— Au ukuta wenyewe, alisema Kona. Kuta zikifika umri fulani huanza kulalamika, kama magoti.

Mpole alikuwa anakoroga kahawa yake. Ilikuwa haina sukari. Aliikoroga tu.

Binti hakubishana na mtu. Alivua hedfoni, akamvisha mjomba wake, akaigeuza maiki polepole kuelekea ukutani.

— Mjomba, sikiliza wewe.

Dunia ikamsogelea Sikio. Alisikia shati la Wakili likikwaruza chokaa. Alisikia kijiko cha Mpole. Na alisikia ile ti, ti, ti, ikiwa karibu kama saa ya mkononi. Alifumba macho, kama afanyavyo akiwa dukani. Chuma juu ya chuma. Chuma kidogo, chembamba, cha duara, juu ya nondo ya dirisha. Bomba linagonga kwa kifua. Hii ilikuwa ya kidole. Ilikuwa pete.

— Nyamazeni tena, alisema.

Wakanyamaza. Pete ilingoja kidogo, kisha ikaanza kugonga haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyeona gari la mwisho linaondoka. Kona akafungua mdomo kusema kitu, akakohoa, Wakili akamcheka, na pete ikapunguza mwendo mpaka ikarudi palepale pa zamani, pa kugonga na kupumzika, pa mtu asiyetarajia.

Sikio alifumbua macho.

— Bomba haliwezi kujua kwamba tumenyamaza, alisema.

Kona alimtazama Sikio, kisha akaufuata mwelekeo wa macho yake mpaka kwenye kiuno cha Mpole, pale kamba ilipo. Akasogea. Hakusogea sana, upana wa kikombe tu, lakini benchi lile halijawahi kuwa na nafasi katikati.

Binti aliichukua hedfoni, akamnyooshea Mpole.

— Utapenda kusikia, mjomba?

— Sina haja, alisema Mpole. Naijua.

Alisema vile vile anavyosema mengine yote, kwa sauti ile ile ambayo benchi zima lilikuwa likiisifu. Wakili alitoa kikombe chake kwenye tundu la kitasa, akakosa pa kukiweka, akakirudisha.

— Unamfungia, alisema Sikio.

— Nafunga nyumba. Nyumba ina vitu. Nikitoka nafunga, nikirudi nafungua. Hajawahi kulala njaa, hajawahi kuguswa hata kwa kidole. Waulize majirani kama wamewahi kusikia ugomvi kwangu.

— Sisi ndio majirani.

— Basi mmewahi kusikia?

Damu ilimpanda Sikio, na kwa kawaida hapo angesimama na kusema maneno ambayo kesho yake angeyaombea radhi. Alitafuta mtu wa kumkasirikia. Alimpata Mpole, lakini nyuma ya Mpole alimwona fundi mmoja ameinamisha kichwa kwa dharau na kusema bomba. Akabaki amekaa.

— Zamani alikuwa anaita, alisema Shangazi, akiwa anaangalia makaa. Mlikuwa mnacheka sana, mkawa hamsikii. Baadaye akawa anagonga. Nikawauliza. Mkaniambia bomba, nami nikaendelea kumimina.

— Kisheria, alianza Wakili.

Wakamngojea. Akainamia kikombe chake, akapuliza kahawa.

— Yeye mwenyewe hajawahi kulalamika kwangu, alisema Mpole.

— Amelalamika jioni yote, alisema binti. Ninayo hapa.

Mpole aliitazama mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa uso wake kubadilika.

— Hiyo utawaonyesha watu?

— Sijui. Sauti si yangu. Itabidi nimuulize mwenyewe. Akisema nifute, nafuta. Akisema niweke, naweka. Ila siwezi kumuuliza kupitia ukuta.

— Nikifika nitamuuliza mimi, nitakuletea jibu.

— Hapana, mjomba.

Hakupandisha sauti naye. Wakawa wawili wapole, mmoja amekaa, mmoja amesimama na fimbo yenye manyoya.

— Nimiminie tena, Shangazi, alisema Kona, kwa kutafuta tu neno, akiwa amenyoosha kikombe.

— Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa linafuka mvuke. Kona alirudisha mkono.

Sikio alifungua kiganja, akakiweka juu ya ule mlango, kati yake na Mpole, pale palipokuwa na nafasi.

— Leta, alisema.

— Sikio. Sisi tumekaa hapa miaka.

— Ndiyo. Leta.

Mpole aliwatazama mmoja mmoja. Huenda alitegemea Kona atoe hadithi, au Wakili apinge. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa la siku nyingi, limebana kwa jasho, na vidole vyake havikuzoea kulifungua kwa ajili ya mtu mwingine. Lilichukua muda. Nyuma ya ukuta, ti, ti, ti. Kila mtu aliisikia sasa; ilishangaza jinsi ilivyokuwa kubwa.

Ufunguo ulipoanguka kiganjani, Sikio alitaka kuinuka. Binti akamwekea mkono begani.

— Niende mimi na Shangazi. Mlango ukifunguka akakuta wanaume, atadhani tumemletea kesi.

Akamvisha mjomba wake hedfoni tena, akaegemeza fimbo ukutani. Taa ndogo nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka.

— Usiguse kitu. Sikiliza tu.

Wakazunguka kona. Wanaume wakabaki, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Sikio alisikia ndala za Shangazi, tap, tap, kwenye udongo wa uchochoro. Alisikia kufuli likipigwa kwenye geti kabla ya kushikwa vizuri. Alisikia ufunguo ukiingia, ukigoma, ukizunguka. Bawaba za geti zilikuwa zimepakwa mafuta. Mtunza stoo mzuri hupaka. Hatua zikavuka ua. Kufuli la pili. Hilo hakuna aliyelitaja, lakini ufunguo ulikuwa ule ule.

Pete ikanyamaza.

— Ni mimi, ilisema sauti ya Shangazi. Wa kahawa.

Kisha Sikio alisikia pumzi. Alisikia maji yakimwagwa kwenye beseni na mtu akinawa uso. Alisikia sauti ya mpwa wake, chini chini, ikiuliza kitu, na sauti nyingine ikijibu, lakini maneno hayakuvuka ukuta. Mpole alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kipande cha kamba kikining'inia mkandani. Aliangalia duka la Sikio kama anayetaka kununua spika.

Mke wa Mpole alitokea kwenye kona akiwa katikati ya wale wawili. Alikuwa amevaa kanga safi na viatu vya kutokea, na alibeba kapu la sokoni, tupu. Aliweka mkono juu ya macho kwa ajili ya jua. Alikuwa amekonda, lakini urefu ulikuwa ule ule. Alilitazama benchi, akalitambua. Sikio aliona macho yake yakishuka mpaka kwenye tundu la kitasa na kukaa hapo kidogo.

Hakumtazama mumewe. Aliwatazama wote kwa pamoja, kama zamani.

— Dunia inaendaje leo? aliuliza.

Sikio aliisikia mara mbili, kwa sikio na kwa hedfoni. Jibu walikuwa nalo, neno moja, walikuwa wamemjibu hivyo tangu benchi lilipowekwa. Kona alivuta pumzi ya kulisema, akaiacha. Wakili alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Mwanamke akangoja. Hakuwa anatania, alikuwa ametoka ndani na alitaka kujua.

Shangazi akaliinua birika, likiwa zito, akammiminia.